UVIMBE KWENYE NGOZI YA PAKA: NI JIPU, NI KUPE AU NI FUNZA?

Paka ni mnyama anayejulikana katika kila boma na kila ploti, lakini ni wachache wanaomchunguza. Ng'ombe akikohoa, daktari huitwa. Kuku akizubaa, watu hukimbilia duka la dawa za mifugo. Lakini paka akitokwa na uvimbe shingoni, au akianza kujikuna mpaka damu, utasikia mtu akisema, "Huyo amekwisha, mtupeni mbali." Ajabu ni kwamba paka huyo huyo ndiye anayelinda magunia yetu ya mahindi dhidi ya panya usiku kucha bila mshahara. Wahenga walisema kwamba paka akiondoka panya hutawala, na mwenye kuhifadhi mahindi anajua ukweli wa msemo huo.

Katika makala haya nitaeleza mambo yanayosababisha uvimbe na vidonda kwenye ngozi ya paka, jinsi ya kuyatofautisha, yale yanayoweza kumwambukiza binadamu, na hasa dawa ambazo hazifai kabisa kumpaka au kumlisha mnyama huyu. Mengi nilielezwa na daktari wa mifugo aliyemtibu paka wetu mwaka jana. Mengine nimeyaoanisha na yale tunayojifunza katika somo la Biolojia hapa kidato cha tatu. Kwa hivyo msomaji anayejiandaa kwa mtihani naye asikate tamaa, kuna lake humu.

MIGUU SITA, MIGUU MINANE, NA WASIO NA MIGUU

Tukisoma uainishaji wa viumbe tunafundishwa kuhesabu miguu. Somo hilo lina manufaa makubwa kwa mwenye paka. Viroboto na chawa wana miguu sita, hivyo ni wadudu kamili. Kupe na utitiri wakikomaa wana miguu minane, nao ni jamaa za buibui. Ukungu unaoleta choa hauna mguu hata mmoja. Uko katika himaya yake wenyewe, pamoja na uyoga na ukungu wa mkate uliochacha. Kisha kuna bakteria, ambao hawaonekani kwa macho, lakini ndio wanaoleta majipu. Kila kundi lina dawa yake. Dawa ya kuua kiroboto haiui ukungu, na dawa ya ukungu haimtishi kupe. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa: wananunua dawa kabla ya kujua adui ni nani.

KIROBOTO

Kiroboto wa paka ni mdogo, milimita mbili au tatu hivi, rangi yake ni kahawia iliyokolea, na mwili wake umebanwa kwa pande ili apite kati ya nywele kama mtu anayepenya katikati ya umati. Anaweza kuruka karibu mara mia ya urefu wake. Hebu fikiria mwanafunzi akiruka hivyo, angevuka uwanja wote wa kandanda bila kukanyaga nyasi!

Jike hutaga mayai yapatayo 20 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye nywele bali huanguka chini: kwenye mkeka, kochi, nyufa za sakafu na gunia analolalia paka. Yakianguliwa hutoa mabuu madogo. Mabuu hula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka, kisha hujifunga ndani ya vifukofuko. Penye joto, mzunguko wote huchukua wiki tatu au nne. Aliye ndani ya kifukofuko anaweza kungoja kwa miezi mpaka ahisi joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Ndiyo maana watu wakihamia nyumba iliyokaa tupu hushambuliwa siku ya kwanza, kisha wakashangaa viroboto wametoka wapi na paka hawana.

Kuna kipimo rahisi cha kuwatambua. Chana nywele za paka mgongoni, karibu na mkia, juu ya karatasi nyeupe au kitambaa cheupe. Ukiona punje nyeusi kama unga wa majani ya chai, zinyunyizie maji. Zikiacha alama nyekundu kama kutu, basi hiyo ni damu, na paka ana viroboto hata kama hujamwona mmoja. Zikibaki nyeusi, ni vumbi tu.

Paka wengine hudhurika na mate ya kiroboto. Ngozi yao huota vipele vidogo vidogo vyenye magaga, hasa shingoni na mgongoni. Ukimpapasa utadhani amemwagiwa mtama. Isitoshe, paka akijilamba na kummeza kiroboto anaweza kupata tegu. Vipande vya tegu hujitokeza chini ya mkia vikiwa kama punje za mchele. Kwa hivyo ukimpa paka dawa ya minyoo na ukawaacha viroboto, utakuwa unachota maji kwa pakacha.

KUPE NA UTITIRI

Kupe aliyeshiba hudhaniwa kuwa chunjua au uvimbe. Ana rangi ya kijivu na ukubwa wa punje ya mbaazi, amejishikiza masikioni, kidevuni au katikati ya vidole. Angalia vizuri chini yake, utaiona miguu. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota, kisha uoshe mahali hapo kwa sabuni. Usimchome kwa kiberiti, wala usimpake mafuta ya taa. Ukifanya hivyo utamwunguza paka, na kupe naye anaweza kutapika uchafu wake ndani ya jeraha.

Utitiri ni mdogo hata kuliko ncha ya sindano. Kuna wa aina mbili wanaowasumbua paka sana. Wa kwanza hukaa ndani ya sikio, na paka hutikisa kichwa mchana kutwa. Ukichungulia utaona uchafu mweusi kama makapi ya kahawa. Wa pili huchimba ngozi na kuleta upele. Upele huo huanzia kwenye kingo za masikio, ukaenea usoni na shingoni. Ngozi hukauka, hukunjamana na kufunikwa na magaga ya kijivu mpaka paka kijana aonekane kama ajuza. Huambukiza kwa haraka kutoka paka hadi paka, na humwasha hata binadamu anayembeba, ingawa kwa mtu hupungua baada ya paka kutibiwa. Utitiri wa aina zote mbili hutibika, na paka aliyekatiwa tamaa huota manyoya upya.

FUNZA WA AINA MBILI

Neno funza hutuchanganya kwa sababu tunalitumia kwa viumbe viwili tofauti.

Wa kwanza ni yule anayeingia vidoleni. Huyo ni jamaa ya kiroboto, na hakuwa mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na aliletwa mwaka wa 1872 kwa meli iliyotoka Brazili ikatia nanga Angola. Kutoka huko alisafiri na misafara mpaka akafika Afrika Mashariki kabla ya karne hiyo kwisha. Jike lake huingia ndani ya ngozi, likavimba kwa mayai mpaka likatoshana na punje ya njegere. Haliwashambulii watu pekee, bali pia nguruwe, mbwa, panya na hata paka, kwenye nyayo. Kwa hivyo boma linalotibu watoto na kuwasahau wanyama litapata funza tena.

Wa pili ni buu la nzi ambaye watu humwita nzi wa maembe. Nzi huyo hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Buu hutoboa ngozi na kukaa humo siku 8 hadi 12 hivi. Mahali hapo huwa kama jipu, lakini lina tundu dogo katikati, ambalo ndilo pua ya buu. Ukitazama kwa makini utaona kitu kikichezacheza. Usilibinye kabla ya wakati, maana buu likipasukia ndani huleta usaha na maumivu makali. Daktari huziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka ili buu likose hewa, na likijitokeza hulivuta. Kwa sisi binadamu kinga yake ni pasi: nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi ya moto, hata soksi na shuka.

JIPU LA UGOMVI, NA KESI YA MZEE

Uvimbe unaowapata sana paka dume hautokani na mdudu yeyote. Hutokana na ngumi za usiku! Meno ya paka ni membamba kama sindano. Akimwuma mwenzake, tundu huwa dogo na hufunga upesi, lakini bakteria wa mdomoni wamekwisha kuzikwa ndani. Baada ya siku mbili hadi nne panavimba, panakuwa moto, paka anapata homa na kukataa chakula. Mara nyingi ni shavuni, shingoni, miguuni au kwenye kitako cha mkia, kulingana na kama alikuwa anashambulia au anatoroka. Mwishowe jipu hupasuka na kutoa usaha unaonuka.

Paka wetu, ambaye tunamwita Mzee kwa sababu ya ndevu zake ndefu nyeupe, alipata uvimbe wa namna hiyo chini ya shavu katika muhula wa pili mwaka jana. Wakati huo huo mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alikuwa na mabaka kichwani yasiyo na nywele. Basi maneno yakaanza kwenye mfereji wa maji. Mmoja alisema Mzee ana kichaa. Mwingine alisema ana ugonjwa wa mabaka na atawamaliza watoto wote wa ploti. Mwenye ploti akaja kumwambia mama, "Mama, huyo paka asinipate naye Jumamosi. Akiwa bado yuko, vijana watamtia kwenye gunia." Mama alimjibu kwa upole, "Sawa, mzee, lakini nipe nafasi nijue kwanza anaugua nini." Dada yangu mdogo, ambaye hulala na Mzee miguuni, alikataa chakula siku hiyo.

Ijumaa tulimbeba Mzee ndani ya kikapu hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari alipima joto, akamnyoa shavuni, na hapo matundu mawili ya meno yakaonekana wazi. Alilipasua jipu, akakamua usaha, akaliosha kwa maji ya dawa na kumdunga sindano ya kuua bakteria. Kisha akampapasa mwili mzima akitafuta choa. Hakupata. Alichopata ni viroboto tele.

Na mtoto je? Mama yake alimpeleka zahanati. Ilikuwa choa kweli, yale mabaka tunayoyaita mashilingi. Lakini mhudumu alimweleza kwamba choa cha kichwani mara nyingi hutoka kwa mtoto hadi mtoto, kupitia vitana, kofia na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Ilipoulizwa vizuri, watoto wengine wawili walionyolewa kwa kinyozi huyo huyo walikuwa na mabaka kama hayo, na mmoja wao alikuwa hajawahi kufuga paka maishani. Mama alimweleza mwenye ploti yote hayo, na gunia halikuletwa tena.

CHOA CHA PAKA

Hata hivyo, simwondolei paka lawama zote. Iko aina ya choa ambayo hutoka kwa paka kwenda kwa mtu, na watoto wa paka ndio hasa huibeba. Dalili zake ni mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba, usoni, masikioni au miguuni. Paka wengine huibeba bila dalili yoyote. Kwa mtu huonekana kama duara jekundu linalowasha, lenye ukingo ulioinuka. Mbegu za ukungu huo hukaa nyumbani kwa miezi mingi kwenye blanketi, brashi na vumbi. Kwa hivyo paka akiwa nao, tenga mahali pake pa kulala, choma au fua matandiko yake kwa maji moto, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni. Mtu mwenye choa mwilini hupewa krimu ya kuua ukungu. Cha kichwani huhitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya daktari. Kupaka kiwi, dawa ya meno au majivu ni kupoteza wakati.

UVIMBE USIOUMA

Kuna uvimbe mwingine ambao hauna usaha wala mdudu. Paka jike akiwa na kinundu kigumu karibu na chuchu, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, kwa kuwa vinundu vingi vya maziwa kwa paka huwa ni saratani. Paka mweupe naye anaweza kupata saratani kwenye ncha za masikio na puani kwa sababu ya jua kali. Huanza kama kidonda kidogo kisichopona. Vilevile paka aliyechanjwa anaweza kuwa na kinundu mahali pa sindano. Kwa kawaida huisha chenyewe. Kikizidi miezi mitatu, kikapita sentimita 2, au kikiendelea kukua mwezi mmoja baada ya chanjo, lazima kichunguzwe.

DAWA ZINAZOUA PAKA

Sehemu hii ningeomba isomwe mara mbili. Paka wengi hawauawi na ugonjwa, huuawa na tiba.

(a) Dawa za viroboto na kupe za mbwa. Nyingi zina kemikali iitwayo permethrini. Mbwa huivumilia, lakini paka hutetemeka, hupata kifafa na kufa. Soma karatasi ya pakiti, au muuzaji akusomee, mpaka uone neno paka.

(b) Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ile ya kupe yenye amitrazi ni sumu kwa paka, hata ukiizimua kwa maji mengi.

(c) Oili chafu ya gari na mafuta ya taa. Watu huwapaka wanyama wenye upele. Paka hujilamba kila saa, kwa hivyo chochote unachompaka ngozini utakuwa umemnywesha.

(d) Dawa za maumivu za binadamu. Tembe moja ya parasetamoli yaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu.

Dawa halali nayo hutolewa kwa uzito. Kumpima paka ni rahisi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe hesabu ndogo kwenye kubwa. Ukipata kilo 52 na kilo 48, paka ana kilo 4. Mwambie daktari hivyo.

NI LINI UKIMBIE?

Mpeleke paka kwa daktari siku hiyo hiyo iwapo hali chakula na ana homa, uvimbe uko karibu na jicho, kidonda kina mabuu, au anahema kwa shida. Ikiwa hakuna daktari wa kibinafsi, ulizia afisa wa mifugo wa wadi. Walio karibu na Nairobi wanaweza kufika kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Na kama paka amekuuma, haijalishi ni wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na dalili zake zikishajitokeza kwa mtu hakuna tiba. Chanjo ikitolewa mapema huokoa. Usingoje uone kama kidonda kitapona.

KINGA

Wavyele walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mpapase paka wako mwili mzima mara moja kwa wiki, kuanzia masikio hadi mkia. Dakika tatu zinatosha. Fua tandiko lake kila wiki na ulianike juani. Fagia nyufa na chini ya makochi. Watibu wanyama wote wa nyumbani siku moja, maana ukimtibu mmoja viroboto watahamia kwa wa pili. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na mchanje dhidi ya kichaa kila mwaka. Paka dume asiye wa kuzalisha ahasiwe. Atapunguza kuzurura na kupigana, na majipu yatapungua. Mzee alihasiwa mwezi mmoja baada ya kesi yake, na tangu hapo hajapata jipu jingine.

Kwa kumalizia, ningewasihi wanafunzi wenzangu tusiwe mahakimu kabla ya kusikiliza shahidi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na kumtia paka ndani ya gunia kisha kumtupa mtoni hakuna jina lingine. Uvimbe una sababu, na sababu nyingi kati ya zile nilizotaja zina tiba. Mwone paka, mpapase, hesabu miguu ya unachokiona, kisha uulize mwenye ujuzi. Aulizaye hapotei njia.

Mwanachama, Kidato cha Tatu